MAMA WA BIDONI KATIKA NJIA YA KILWA

Somo: Luka 10:25-37

Mara hii hatukuja na mafundisho makubwa. Tunaleta ushuhuda, na ushuhuda huo unatuhukumu sisi wenyewe kwanza, mbele ya kumhukumu mtu mwingine. Tuliuficha moyoni miaka mingi kwa sababu ya haya. Lakini mbele ya Mungu siri ya namna hii ni deni, na mwenye deni hana usingizi mzuri.

1. SAFARI

Ilikuwa mwezi wa pili wa mwaka 2009, wakati wa mvua kubwa. Baba mkwe wetu alikuwa amefariki kule Kilwa, kando ya ziwa Moero. Tulikwenda kumzika, sisi na mama wa nyumba yetu, pamoja na mtoto wetu wa mwisho aliyekuwa na miaka mitatu. Matanga yalipokwisha, tulitafuta njia ya kurudi Lubumbashi. Wale wanaojua njia ile wanajua: kutoka Kilwa mpaka Kasomeno, kisha Kasomeno mpaka Lubumbashi, ni zaidi ya kilometa 300, na wakati wa mvua hakuna mtu anayeweza kuapa atafika siku gani.

Tulipata nafasi juu ya kamyo moja iliyobeba samaki wakavu. Tulikaa juu ya mizigo, watu zaidi ya ishirini, na kuku, na mbuzi wawili. Kwa kuwa tulikuwa tunatoka kwenye ibada ya mwisho ya matanga, tulikuwa bado na nguo zetu nyeupe. Tulitandika kikwembe, tukakaa juu yake ili nguo zisichafuke.

Katika kijiji kimoja kamyo ilisimama, na mama mmoja akapanda. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mwembamba, kitambaa kichwani kimefifia. Alipandisha bidoni nne za litri 20. Alipoziweka karibu yetu, harufu ilitwambia mara moja ni kitu gani. Ilikuwa lutuku.

Ndugu wapendwa, mnajua sheria ya kanisa letu. Pombe hatunywi, hatupiki, hatuuzi, hatuibebi. Basi tulimwambia yule mama kwa sauti ambayo watu wote walisikia: "Mama, peleka vitu vyako kule nyuma. Sisi ni watu wa maombi." Hakujibu kitu. Alivuta bidoni zake moja moja mpaka nyuma kabisa, pale ambapo kamyo inaruka sana na vumbi na matope vinaingia, akakaa pale. Sisi tulifungua kitabu cha nyimbo, tukaimba. Tulijisikia kwamba tumeshuhudia imani yetu mbele ya watu.

2. USIKU

Saa kumi za jioni mvua ilianguka. Saa kumi na mbili kamyo ilizama katika matope mpaka kwenye ekseli. Watu walishuka, wakakata matawi, wakachimba, wakasukuma. Kamyo ilikataa. Dereva akasema: "Tulale. Kesho tutaona."

Usiku ule mtoto wetu alianza homa. Mwanzoni tulifikiri ni mvua tu. Lakini mwili wake ulikuwa unaungua kama jiwe la jiko, na mnamo saa mbili za usiku degedege likamshika. Macho yaligeuka. Mama yake akapiga kelele. Sisi tuliweka mikono juu ya mtoto, tukaomba. Abiria wengine walikuja na kuangalia. Mmoja alikuwa na Biblia mkononi, mtu wa kanisa lingine. Alisema: "Tuombe, asubuhi mtatafuta munganga." Mwingine akasema malaria ya huku ni kali. Kisha kila mtu akarudi chini ya hema lake, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha bado.

Hatuwahukumu. Wangefanya nini? Usiku ulikuwa mweusi, na hakuna aliyejua mahali pale.

Wakati huo tuliona mwanga wa tochi unakuja kutoka nyuma ya kamyo. Alikuwa yule mama. Hakutuomba ruhusa. Alifunua jicho la mtoto kwa kidole, akaangalia ndani ya kope, akaangalia viganja vya mikono yake. Akasema: "Mutoto huyu amekwisha kukosa damu. Hapa hapana kungoja asubuhi. Kuna kituo cha afya mbele, kama kilometa kumi na mbili. Mimi ninapita njia hii kila mwezi. Twende."

Sisi tulijibu: "Mama, tunaomba kwanza."

Akatuangalia, akasema pasipo hasira: "Papa, muombe mukitembea."

Ndugu zetu, maneno haya matatu yalikuwa mahubiri. Tulisikia mahubiri mengi katika maisha yetu, na tulihubiri mengine sisi wenyewe, lakini hatujasahau haya hata siku moja.

Karibu na pale palikuwa nyumba chache. Yule mama aligonga mlango wa mtu mwenye kinga. Mtu yule alikataa kutoka usiku katika mvua. Kisha akasema: franga 10.000. Sisi, baada ya matanga, tulibaki na franga 3.500. Tukaanza kumsihi. Yule mama alirudi kwenye kamyo, akaja na bidoni moja kichwani, akaiweka chini mbele ya mlango. Mtu yule akaangalia bidoni, akaenda kuchukua kinga yake.

Basi mama wa nyumba yetu alikaa nyuma ya kinga na mtoto kifuani, amefunikwa na hema la plastiki la yule mama. Walitangulia. Sisi tulifuata kwa miguu, na yule mama pamoja nasi, na tochi yake, na bidoni ya pili juu ya kichwa. Tulimwambia: "Mama, wewe ubaki, utaacha mizigo yako." Akasema: "Ninyi hamujui njia. Kuna kivuko cha maji, mutaanguka."

3. MANENO YA NJIANI

Tulitembea zaidi ya saa tatu. Mtu akitembea usiku na mwingine, hawezi kunyamaza njia yote. Tulimwuliza habari zake. Alisema bwana wake alikufa, akamwachia watoto wanne. Shamba linatoa muhindi, lakini bei ya muhindi mkavu hailipi masomo ya watoto. Muhindi ukipikwa kuwa lutuku, unalipa. Alisema: "Ninajua ni mbaya, Papa. Siinywi. Ndugu yangu aliikunywa mpaka akafa. Lakini mukinionyesha kitu kingine cha kuuza, nitaacha kesho."

Hatukuwa na kitu cha kumwonyesha. Tulinyamaza.

Kisha akauliza: "Papa, ninyi si wa kanisa la nguo nyeupe?" Tukasema ndiyo, na tena sisi ni shemasi. Akacheka kidogo. Akasema: "Wakati mmoja nilifika kwenu, pale Lubumbashi. Ilikuwa siku ya mungu. Nilikuwa nimelala sokoni na bidoni zangu, nikasikia muziki wenu, nikasema nitaingia nimuombe Mungu juu ya watoto. Shemasi aliyekuwa mlangoni alisikia harufu ya nguo zangu. Akaniambia niende kuoga, nirudi siku nyingine. Sikurudi."

Ndugu wapendwa, kazi yetu ya ushemasi tuliianza mlangoni. Miaka ile kila siku ya mungu tulisimama pale. Tuliwarudisha watu wangapi? Hatukumwuliza ilikuwa parokia gani, wala mwaka gani. Tuliogopa jibu. Mpaka leo hatujui kama ni sisi, na mpaka leo tunaishi kana kwamba ni sisi.

4. ASUBUHI

Tulipofika, munganga alikuwa amekwisha kuamshwa. Alikuwa na taa ya petroli na uso wa mtu aliyechoka. Mtoto alikuwa na serumu mkononi, na ndani yake kinini. Munganga alitwambia kwa ukweli: "Kama mungengoja asubuhi, mungekuja kuzika." Hiyo ndiyo malaria ya watoto wadogo. Inakula damu, inapanda kwenye kichwa, na kati ya homa ya kwanza na kifo inaweza kupita siku moja tu.

Palikuwa na dawa za kulipa. Yule mama aliuza bidoni ya pili pale kijijini kulipokucha, akamlipa munganga, akanunua pia unga, akampikia mama wa nyumba yetu bukari. Saa sita mchana tulisikia kwamba kamyo imetoka katika matope na iko njiani inakuja. Mizigo yake iliyobaki ilikuwa juu yake, akalazimika kupanda. Sisi tulibaki na mtoto.

Tulimwomba jina lake na kwartie yake ili tumrudishie deni. Alikataa. Tulisisitiza. Hapo akasema neno moja tu, akiwa mguu mmoja juu ya gurudumu: "Papa, siku mutaniona tena mulangoni, musinirudishe."

Alipanda kamyo ile na bidoni nne, akaondoka na mbili. Hatujamwona tena. Tulitafuta katika masoko ya Lubumbashi, tukauliza akina mama wanaotoka njia ya Kilwa. Hakuna. Mtoto yule amekuwa kijana mkubwa, anapiga filimbi katika kanisa. Kila tunapomsikia, tunakumbuka aliponunuliwa, na kwa kitu gani.

5. ANDIKO LINASEMA NINI?

Habari ya Msamaria tunaijua sisi wote. Watoto wa shule ya siku ya mungu wanaigiza. Na kila mara tunapoihubiri, tunajiweka sisi wenyewe mahali pa Msamaria: tuwasaidie wengine, tuwe wema. Ni vizuri. Lakini katika njia ya Kilwa Mungu alitugawia sehemu nyingine. Tulikuwa yule aliyelala chini. Na kabla ya hapo, juu ya kamyo, tulikuwa yule kuhani.

Tuangalie vizuri. Njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ina karibu kilometa 27, nayo inashuka sana, karibu mita 1000, katikati ya milima mikavu. Kuhani na Mlawi walipita pale. Tunapenda kusema walikuwa na moyo mbaya. Lakini sheria ya Musa, katika Walawi 21, ilimkataza kuhani kujitia unajisi kwa maiti, isipokuwa ya jamaa yake wa karibu. Pengine aliona mtu hasogei, akafikiri amekufa, akasema: nguo zangu, usafi wangu, kazi yangu ya Mungu. Hakupita kwa sababu hakuwa na dini. Inawezekana alipita kwa sababu alikuwa nayo, na aliishika vibaya.

Na Msamaria alikuwa nani? Injili ya Yohana sura ya 4 inatueleza kwamba Wayahudi hawakushirikiana na Wasamaria. Tena someni Luka sura ya 9, sura moja tu mbele ya somo letu. Bwana Yesu mwenyewe alikuwa msafiri, akatuma watu watafute mahali pa kulala katika kijiji cha Wasamaria, nao wakamkataa. Yakobo na Yohana walitaka kuomba moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze. Yesu aliwakemea. Na katika sura inayofuata anachukua mtu wa kabila lile lile lililomfungia mlango, anamfanya kuwa mfano kwa dunia yote. Sisi, kama mtu akitufungia mlango leo, kesho tunaweza kumsifu ndugu yake?

Kuna jambo lingine ambalo hatukuliona miaka yote mpaka usiku ule. Msamaria alimwaga nini juu ya vidonda? Mafuta na divai. Divai ile ilitoka wapi? Ilikuwa katika mizigo yake. Kama tungekutana naye njiani, sisi tulivyo, tungeangalia kwanza mzigo wake, tukamwambia aende nyuma.

Mtu asituelewe vibaya. Mzee mmoja wa kanisa alituuliza, tulipotoa ushuhuda huu mara ya kwanza: "Shemasi, unataka kutwambia lutuku ni nzuri? Kumbukumbu la Torati 23 inakataza malipo ya uchafu kuingia katika nyumba ya Mungu." Ni swali la haki. Tunajibu hivi. Lutuku si nzuri. Imeua ndugu yake yule mama, imeharibu nyumba nyingi katika kwartie zetu, na sheria ya kanisa inabaki vilevile. Lakini Torati ile inasema juu ya sadaka inayoletwa na mtu kwa Mungu. Haimkatazi Mungu kumtumia mtu tuliyemkataa. Tulitaka Mungu amtume malaika, au walau mkristo mwenye nguo safi. Walikuwapo wakristo juu ya kamyo, na sisi tulikuwa mmoja wao. Yeye alimtuma aliyekuwa tayari kutembea.

Tena tukumbuke sisi ni watoto wa nani. Tangu 1921, wakati wa Wabelgiji, waamini wengi wa manabii wa nchi yetu walikamatwa, wakahamishwa kwa nguvu kutoka vijiji vyao, wakatupwa katika majimbo ya mbali ambako hawakujua luga wala mtu. Imani ilisafiri pamoja nao. Watu waliofukuzwa namna hii wakiwa na watoto wanaofukuza wengine mlangoni, hapo pana ugonjwa.

6. NENO KWA WANAOSIMAMA MLANGONI

Tunasema kwanza na ninyi mashemasi wenzetu. Usafi wa nyumba ya Mungu ni kazi yetu, hatuiachi. Lakini mtu akija na harufu ya lutuku, au ya tumbako, au ya usingizi wa sokoni, tusimtume nyumbani. Nyumbani kwake pengine ni kilometa 300. Parokia yetu imeweka benchi karibu na mlango, na ndoo ya maji, na sabuni. Shemasi anakaa na mgeni pale, anamwuliza: "Mama, umetoka wapi? Umekula?" Kisha anamwingiza. Ni kazi ndogo. Haikuvunja sheria hata moja.

Pili, tunasema na akina mama wa kanisa. Yule mama alituuliza swali ambalo hatukuweza kujibu: atauza nini mahali pa lutuku? Kumwambia mjane aache pombe na kumwacha mikono mitupu ni kumrudisha kwenye pombe. Akina mama wa parokia yetu wanatenga sehemu ya likilemba yao kwa ajili ya mjane mmoja kila mara, anunue chumvi, au sabuni, au ndagala, aanze. Wawili wameacha lutuku kwa njia hiyo. Mmoja alirudi tena kwenye lutuku, hatufichi. Tunaendelea kumtembelea.

Tatu, tunasema na kila msafiri. Mkipanda kamyo, mkipanda mashua, mkilala njiani, angalieni ni nani mnayemsukuma nyuma. Waebrania 13 inatukumbusha kwamba wako watu waliowapokea wageni, na wageni wale walikuwa malaika, nao hawakujua. Sisi tunaongeza kutoka katika maisha yetu: wako pia watu waliomsukuma malaika mpaka nyuma ya kamyo pamoja na bidoni zake, nao walikuwa wakiimba.

Na wewe mama, kama unaishi bado, na kama gazeti hili litafika mkononi mwa mtu anayekujua: deni lako tunalo. Mtoto anaishi. Mlango uko wazi, na sisi tuko pale kila siku ya mungu asubuhi. Hautaulizwa habari ya nguo zako.

Mungu atusamehe, atupe macho ya kuona na miguu ya kutembea wakati wa kuomba. Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo ikae pamoja nanyi nyote.

Amina.

Shemasi wenu